Chumba baridi cha Malindi kipimwe kwa embe, si kwa karoti

Mhariri,

Kila embe zinapofurika Malindi na bei kuporomoka, huzuka ushauri kwamba wakulima wa bonde la Sabaki na Magarini waache miembe wapande mboga ya pesa. Mfano unaotajwa sana siku hizi ni wa Beypazarı, wilaya ya Uturuki iliyojulikana kwa karoti. Ni mfano mzuri, lakini wanaoutaja wameushika kinyume.

Beypazarı iko kilomita kama 100 magharibi mwa Ankara, pungufu kidogo ya safari ya Malindi hadi Mombasa. Sehemu kubwa ya karoti za Uturuki hutoka huko.

Karoti inataka baridi. Mzizi wake hujaa vizuri hali ya hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 20. Joto likipanda sana kupita hapo na likakaa, karoti hutoka fupi, rangi imepauka, ladha chungu. Mbegu hupandwa papo hapo shambani, kina cha sentimita 1, kwani mche ukihamishwa mzizi hupasuka miguu miwili. Kisha hupunguzwa zikabaki sentimita 5 baina ya mche na mche, katika udongo tifutifu uliolimwa kwenda chini sentimita 30. Samadi mbichi haitiwi, nayo pia huzaa miguu na ndevu. Kwenye mchanga wetu wa Pwani kuna adui mwingine, minyoo fundo, anayeacha vinundu mzizi mzima. Kwa hiyo mkulima wa Jilore akifuata kila hatua ya Waturuki bado atavuna kitu ambacho mama wa sokoni atakigeuza mara mbili mkononi na kukirudisha. Karoti za kutoka bara zitamshinda kwa sura na kwa bei.

Cha kuiga Beypazarı ni kazi ya baada ya kuvuna. Kule karoti haiendi sokoni na matope yake. Hupelekwa kwenye vituo vya kuoshea, ikaoshwa kwa mashine, ikachambuliwa kwa ukubwa, zilizovunjika na zenye miguu zikatengwa, ndipo ikafungwa. Hapa pana jambo wengi hawalijui: karoti iliyooshwa huharibika upesi kuliko yenye udongo. Maji huichubua ngozi, ikikauka inapauka kama imepakwa chokaa, na ikikaa na unyevu kwenye joto inaoza. Kuosha kuna faida pale tu kunapofuatwa na baridi kali, karibu nyuzi 0, na hewa yenye unyevu mwingi. Aoshaye bila kupoza amejiongezea gharama ya maji na hasara juu.

Tukija kwenye embe, hesabu hiyo ya nyuzi inageuka kabisa, na ndiyo sababu ya barua hii. Kukiwa na mpango wowote wa kujenga chumba baridi cha mazao Malindi, mwenye kuchora ramani asinakili cha karoti. Embe ngowe au boribo ikiwekwa chini ya nyuzi 10 kwa siku kadhaa huumia: ngozi hupata vishimo na weusi, na ikitolewa haiivi, inaoza ikiwa ngumu. Kipimo chake ni nyuzi 12 au 13. Nyanya zilizoanza kushika rangi na ndizi mbichi nazo hukaa salama kwenye nyuzi 13, kwa hiyo chumba kimoja chaweza kuwatumikia wakulima wengi. Sharti liwe moja, matunda yaliyokwisha kuiva yasiingizwe, maana hutoa gesi ya ethilini ambayo itayaivisha mengine yote. (Gesi hiyo hiyo huitia karoti uchungu. Wachuuzi wanaopakia karoti na embe mbivu katika lori moja wasishangae wateja wakilalamika.)

Lakini kabla ya chumba kuna kazi ya shambani isiyohitaji umeme. Embe ikatwe na kikonyo cha sentimita 1 au 2, isipigwe kwa upondo ikaanguka. Ikishafika kivulini, kikonyo kipunguzwe na embe igeuzwe kichwa chini juu ya chanja utomvu udondoke nusu saa hivi, kisha ioshwe. Utomvu ukimwagikia ngozi huiunguza, na ile michirizi myeusi tunayoiona kwenye embe za gunia huwa ni hiyo, wala si ugonjwa. Gunia lenyewe liachwe. Embe za chini hubeba uzito wa zote, zinapondeka kabla ya kufika Gede. Kreti ya plastiki ni ghali mara ya kwanza, lakini hurudi na lori na kutumika misimu mingi.

Ugonjwa wa kweli ni chule, yale madoa meusi yanayotanuka embe inapoiva. Dawa yake nafuu ni maji ya moto: nyuzi 52 kwa dakika 5 hadi 10, mapema baada ya kuvuna, kisha ipozwe. Kipimajoto ni lazima, mkono haupimi. Yakizidi 55 ngozi inaungua, na embe changa ndizo huungua kwanza. Tena watu wasichanganye mambo. Maji hayo hayaui mayai ya nzi wa matunda yaliyo ndani ya nyama. Kwa nzi, soko la ng'ambo hudai nyuzi 46 na kidogo, kwa zaidi ya saa nzima, muda ukitegemea uzito wa tunda, na kazi hiyo hufanywa katika mtambo uliokaguliwa.

Embe zinazobaki, zilizopondeka upande mmoja au zisizo na umbo, ndipo Beypazarı inapofundisha zaidi. Karoti zao hugeuzwa sharubati na hata peremende laini za lokumu. Tangu miaka ambayo Mansur Yavaş alikuwa meya wao, 1999 hadi 2009 (baadaye, 2019, akachaguliwa meya wa Ankara), nyumba za zamani za mbao zilikarabatiwa, na kina mama wakaweka meza mitaani wakiuza vya nyumbani: tambi walizokata wenyewe, majani ya mzabibu yaliyojazwa wali, biskuti kavu zilizookwa mara mbili. Mtu wa Ankara huenda asubuhi, akarudi jioni na mfuko.

Sisi tunayo achari ya embe, na hatufundishwi na mtu kuipika. Kasoro yetu ni kuianika barabarani na kuifunga katika karatasi ya nailoni isiyo na jina wala tarehe. Vipande vya milimita 6 hadi 8, ndani ya kikaushio cha jua chenye karatasi angavu juu na wavu chini, kwenye nyuzi 55 hadi 65, hukauka kabla ukungu haujashika. Kilo 10 za embe nzima hutoa kama kilo 1 iliyokauka. Wakati wa masika kikaushio cha jua pekee hakitoshi, hewa ya bahari hurudisha unyevu usiku. Vipande viingizwe ndani jioni na vifungwe visipitishe hewa mara vikishapoa, wala si kabla, maana mvuke ukibaki ndani ya mfuko ukungu huanzia hapo. Na bila alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, kwenye mfuko, duka kubwa la Mombasa halitaupokea.

Msimu mkubwa huanza Novemba. Kikaushio cha mbao na wavu hujengwa na fundi wa kawaida kwa siku chache, kwa hiyo vikundi vya Magarini visingojee chumba baridi ndipo vianze.

Msomaji wenu,
Malindi