Risala ya klabu ya mazingira kwa mgeni rasmi, mahafali ya darasa la saba, Chimala

Ndugu mgeni rasmi, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwalimu mkuu, walimu wetu, wazazi na kaka na dada zetu tunaowaaga leo, shikamooni.

Tunakushukuru sana kufika kwetu na hili jua la mwezi wa tisa na vumbi lake, tunajua una kazi nyingi ila umeona utupe siku yako, karibu Chimala. Sisi klabu ya mazingira tumepewa dakika chache na tumekubaliana tuzitumie zaidi kwa habari ya jiko letu, hayo mengine tutayagusa tu.

Ndugu mgeni rasmi, mpaka mwaka jana kila Jumatatu kila mwanafunzi alikuwa anakuja shule na kuni. Mdogo wako wa darasa la kwanza unamkuta njiani amebeba vijiti viwili amevifunga na kitambaa, na wakubwa wanaamka alfajiri kupanda mlimani kuokota, saa nyingine wanakata mbichi kwasababu kavu zimeisha, alafu hiyo mbichi ikiingia mafigani haiwaki inafuka tu, mama yetu wa jikoni anatoka nje anajifuta macho na khanga, anarudi ndani, anatoka tena, uji unafika darasani saa tano na watoto wameshalala kwenye madawati. Na wakati huohuo hapo barabarani nyuma ya mashine za kukoboa mpunga pumba zimerundikana kama kichuguu, zinachomwa usiku na mchana ili tu ziishe. Yaani moto unaungua bure kule na sisi huku tunahangaika kutafuta kuni!

Mwalimu wetu mlezi ndio aliona kwa wachoma matofali, wao tanuri wanalichoma kwa pumba, akasema kama tofali linaiva basi na makande yataiva. Tukapata pipa la lita 200, fundi akalikata nusu na kutoboa tundu chini ubavuni. Kazi yake iko hivi: unasimamisha bomba katikati, lingine unalilaza kwenye lile tundu la chini yakutane, unamwaga pumba kuzunguka na kushindilia kwa mti kidogo kidogo mpaka juu, alafu unachomoa mabomba taratibu huku unayazungusha, linabaki tundu limesimama lenyewe ndani ya pumba. Unawasha kwa chini na karatasi, moto unapanda na kuzila pumba polepole kutoka ndani kwenda nje, hakuna wa kukaa anachochea. Siku ya kwanza hatukushindilia vizuri zikaporomoka moto ukazima, tukala saa tisa. Tukajifunza pia kuchanganya na maranda ya mafundi seremala maana pumba peke yake zinazimazima. Sasa uji ni pipa moja, makande ni mapipa mawili na kuni kidogo za kusukumia mwishoni.

Ila tuseme ukweli, kilichopunguza kuni kuliko vyote ni mama wa jikoni mwenyewe. Alisema mahindi na maharage yalowekwe jioni kwenye ndoo, na sufuria lisikae wazi. Sufuria letu kubwa halikuwa na mfuniko miaka yote hiyo! Fundi akakata kipande cha bati akakiwekea mshikio, basi.

Ndugu mgeni rasmi, tunalisemea sana hili kwasababu ya maji. Mto Chimala unatoka juu milima ya Kipengere, unashuka kwenye mashamba ya mpunga ya wazazi wetu, unaingia Usangu kwenye Ruaha Mkuu, na Ruaha ndio inakwenda kujaza mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu. Kidatu ina uwezo wa kutoa megawati 204, Mtera 80. Wazazi mnaukumbuka mgao wa umeme wa 2006 mabwawa yalipopungua maji. Kwahiyo mti tunaoukata hapo mlimani na taa inayowaka mchana ofisini vinagusa maji yaleyale.

Kwenye umeme tumeanza na balbu. Za nje zilikuwa za wati 60 na mara nyingi zinawaka mpaka saa nne asubuhi, balbu moja ikiwaka masaa 12 inakula karibu robo tatu ya yuniti ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla, ya LED ya wati 9 haifiki hata yuniti moja kwa wiki nzima. Tumebadilisha zote, na zamu ya kuzima ni ya klabu. Darasa la tatu tumelipaka chokaa nyeupe ndani, sasa hata siku ya mawingu wanasoma bila taa.

Taka za plastiki bado zinatusumbua. Mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku toka tarehe 1 Juni 2019, lakini vile vipakti vya barafu na ubuyu viko kila kona ya uwanja. Zamani tulikuwa tunachoma kila kitu shimoni mpaka siku kopo la dawa ya mbu likapasuka na wenzetu walikuwa karibu, Mungu alisaidia. Sasa chupa tunaziuza, maganda na majivu yanaenda kwenye mboji ya bustani, vipakti tunaviweka kwenye kiroba na kwa kweli kiroba kinajaa haraka.

Tunajua serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na tunajua pumba bado zina moshi. Gesi tungeipenda ila hatujaimudu, hii ndio hatua tuliyoiweza. Kwahiyo tunaomba utusaidie kujenga jiko la matofali lenye bomba la kutolea moshi, mama yetu apumue. Tunaomba na kibanda cha kutunzia pumba maana mvua zikianza zinaloa na tutarudi kwenye kuni. Na tunaomba utusemee kwa wenye mashine watuwekee pumba badala ya kuzichoma.

Chakula cha leo kimepikwa kwenye lile pipa. Ukimaliza kugawa vyeti tunaomba upite jikoni ulione kabla halijapoa, mama wa jikoni anakusubiri.

Tunaomba kuwasilisha.