Kabla ya kumchoresha mtoto amiba, muonyeshe kwanza

Ndugu Mhariri, naomba kanafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Mimi ni mwalimu wa bailojia shule ya kata huku Morogoro, nafundisha kidato cha kwanza na cha pili, na hili jambo limenikaa rohoni muda sasa.

Kila mwaka nikifika kwenye protista (vile viumbe ambavyo si mimea, si wanyama, si kuvu wala bakteria, vingi vyake ni seli moja tu) naanza na swali moja tu, amiba ni nini? Mikono inanyooka darasa zima. "Ugonjwa wa tumbo mwalimu!" Mwingine kutoka nyuma, "Dawa yake Flagyl!" Na huwezi kuwalaumu, manake nani hajawahi kutoka zahanati na jibu la amiba mkononi? Shida ni kwamba yule amiba wa kwenye kitabu, yule mchoro uliokaa kama uji uliomwagika mezani, anaishi kwenye madimbwi, hana habari na tumbo la mtu, wa tumboni ni ndugu yake wa mbali anaitwa Entamoeba histolytica. Sasa mtoto ana amiba wawili kichwani, mmoja wa Flagyl na mmoja wa mtihani, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuona kwa macho yake. Tunachora ubaoni, wanakopi, wanataja sehemu, tunasahihisha, basi, mada imeisha.

Nilivyoanza kazi shule nyingine huko nyuma hadubini ilikuwepo, tena mpya, imo kwenye nailoni yake ndani ya kabati la ofisini na ufunguo anao mkuu mwenyewe. Kila nikiomba naambiwa itaharibika. Miaka miwili nimefundisha seli kwa chaki. Ikatolewa siku moja tu, siku wakaguzi wamekuja, ikafutwa vumbi, ikapangwa mezani, walivyoondoka ikarudi kabatini kwake. Yaani ile hadubini iliona wakaguzi wengi kuliko seli.

Hapa nilipo sasa tunayo moja, ya zamani, ile ya kioo chini haitaki umeme, unaigeuzia dirishani ikamate mwanga (sio jua lenyewe jamani, utampofusha mtoto). Darasa lina watoto 62 na vipindi viwili vikifuatana ni dakika 80, piga hesabu mwenyewe, kila mtoto dakika moja na ushee. Ni kidogo lakini inatosha kushangaa. Naanza na kitunguu, unabandua kale kangozi kembamba ka ndani, unakadondoshea ayodini tone moja, unakalaza kwenye slaidi. Wakichungulia wanaona vyumba vimepangana kama matofali na kila chumba kina kidoa chake, ndo kiini. Hapo ndo nawaambia habari ya Robert Hooke, mwaka 1665 alikata kipande cha koki (lile gome la mti la kutengenezea vizibo vya chupa) akakiweka kwenye hadubini akaona vijumba vitupu akaviita cell, neno lilelile lililotuletea selo ya polisi. Darasa linacheka, na hawasahau tena. Kingine cha kuangalia ni mchoro, ukiwaacha na ubao tu wanaamini seli ni bapa kama chapati, mi huwa nawaletea kimfuko cha nailoni kimejaa maji na kokwa la embe ndani, washike, wakibonye, wageuze.

Protista sasa ndo raha yenyewe. Wiki moja kabla tunachota maji ya dimbwi kwa kopo lililofungwa kamba, mtoto haingii majini manake kichocho kipo (na kila mwaka kuna anayeniandikia kichocho kwenye orodha ya protista, hapana, yule ni mnyoo). Tunatumbukiza nyasi kavu, tunaacha dirishani siku tano sita mpaka lianze kunuka. Harufu yake sio ya kuhadithia. Alafu tone moja kwenye slaidi na nyuzi mbili tatu za pamba ili viumbe vikwame visikimbie ovyo. Mwaka jana binti mmoja mkimya sana, wa dawati la mwisho, aliinama kwenye lenzi akaruka nyuma, "Mwalimu kinakimbia! Kiko kama ndala!" Ni Paramecium huyo, na kwa kweli umbo lake ni la ndala kabisa, hata Wazungu wa zamani walimfananisha na kiatu. Niliweka simu yangu kwenye lenzi tukarekodi, tukamuona anagonga uzi wa pamba, anarudi nyuma, anageuka kidogo, anajaribu tena njia nyingine. Seli moja hiyo. Haina ubongo, haina macho, inakula, inasukuma maji ya ziada nje, inajigawa inakuwa mbili. Mvulana mmoja akauliza sasa kama ni seli moja tumbo lake liko wapi, na hilo swali miaka yangu yote ya ubao hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kuhusu Euglena, mwingine wa humohumo dimbwini, watoto waligombana mpaka kengele ikalia. Wa kijani, anajitengenezea chakula kwenye mwanga, na hapohapo anaogelea kwa kauzi kama mjeledi. Mmea au mnyama? Mmoja akasema huyu ni popo, si ndege si mnyama, nikaona nimefundishwa mimi. Manake ukweli kundi hili la protista ni kapu tu, ukishatoa mimea, wanyama, kuvu na bakteria, kilichobaki na seli yenye kiini kinatupwa humo. Ule mpangilio wa himaya tano, yaani makundi makuu matano ya viumbe hai, tunaofundisha ni wa mwanasayansi Whittaker wa mwaka 1969 na wanasayansi wa leo wameshalivunjavunja kapu lenyewe, lakini mtoto wa miaka 14 anaweza kuambiwa hivyo na akaelewa, kuliko kukaririshwa kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni.

Na tusikwepe ya nyumbani. Malaria inaletwa na protista, Plasmodium, ambaye daktari Mfaransa Laveran alimuona kwenye damu ya mgonjwa kule Algeria mwaka 1880. Nilimuomba mtaalamu wa maabara wa zahanati ya jirani akatuletea slaidi ya zamani iliyopakwa rangi, watoto wakaona kapete kenye kito ndani ya seli nyekundu ya damu. Siku hizi tunapimwa kwa kile kikadi cha dakika 15, safi sana, ila watoto hawajui tena kuwa kuna kitu cha kuonekana. Mmoja wa familia ya wafugaji akadakia kuhusu ndigana kali, tezi linavimba chini ya sikio la ndama, hafiki mbali. Nikamwambia mletaji wake ni kupe na kinachoua ni protista pia, Theileria. Alinitazama kama namdanganya. Malale ya mbung'o hivyohivyo. Alafu wasije wakadhani kundi zima ni la wauaji, hata mwani wanaolima akina mama wa Jambiani na Paje kule Zanzibar kwa kamba na vigingi, kwenye vitabu vyetu umo kwenye kapu hilihili, na mlenda wake unaishia kwenye dawa ya meno na aiskrimu.

Naambiwa hamna muda, silabasi ndefu. Lakini nyasi na maji machafu havigharimu hata shilingi, na Leeuwenhoek aliyeona viumbe hivi kwenye maji ya ziwa mwaka 1674 alikuwa muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, na kilenzi alichosugua mwenyewe kidogo kama ushanga. Wakuu wa shule naomba mtoe hadubini kabatini, ikivunjika tutajua ilitumika. Shule isiyo nayo kabisa, kile kilenzi kidogo cha ndani ya CD pleya mbovu ukikibandika kwenye kamera ya simu ya mwalimu kinakuza vya kutosha kuwaona Paramecium kama vidoti vinavyokimbia. Kwa hiyo wasomaji wenye CD pleya zilizokufa msizitupe, mpeni mwalimu wa bailojia wa shule iliyo karibu. Mimi mwenyewe nahitaji nne.

Mwalimu wa bailojia,
Morogoro