Umelipia Kujifunza Kurusha Matukio, Mbona Unakunja Nyaya?

Malalamiko haya hutufikia kila tunapopokea kundi jipya la wanagenzi, na safari hii yameletwa na mzazi. Anasema mwanawe alilipiwa ada ajifunze kurusha matukio mubashara, ya ukumbini na ya mtandaoni, na mpaka leo hajakabidhiwa kamera wala swicha, mtambo wa kuchagua picha ya kamera ipi iende hewani. Anakunja nyaya, anabandika utepe sakafuni, anachaji betri. "Mmejipatia kibarua wa bure, tena anayewalipa ninyi," ameandika. Maneno hayo yametuuma. Najua wapo wengine wanaowaza hivyohivyo wakanyamaza, kwa hiyo jibu naliweka hapa wote walisome.

Kibarua wa bure hatuna. Mteja akilipia mafundi sita, wanakuja mafundi sita, na mwanagenzi ni mtu wa saba. Hakuna pengo analoziba. Siku jina lake linapoandikwa kwenye ratiba ya tukio mbele ya kazi fulani, siku hiyo analipwa kama wenzake. Kabla ya hapo yuko darasani, hata kama darasa lenyewe ni sakafu ya ukumbi.

Sasa tuje kwenye nyaya. Chukua waya wa maiki wa mita 20. Wengi huuzungusha kati ya kiganja na kiwiko, kama kamba ya ndoo. Kila mzunguko unausokota, na zile nyuzi nyembamba za ndani zinazoikinga sauti dhidi ya kelele za umeme zinakatika moja baada ya nyingine. Asubuhi ukiujaribu unafanya kazi. Mgeni rasmi akishika maiki na kuanza kutembea, unakwaruza. Sisi tunakunja mkunjo mmoja wa kawaida na unaofuata wa kugeuza kiganja, ili msokoto wa kwanza uondolewe na wa pili. Waya uliokunjwa hivyo ukiurusha unanyooka wote bila fundo. Kijana akishazoea, kiganja chake kinaanza kumwambia mengine: hapa pamepitiwa na gurudumu, hapa kichwa kimelegea. Waya huo anaufunga utepe mwekundu na kuuweka kando, usije ukaingia jukwaani. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, na vitu vyetu vingi viko uvunguni mwa jukwaa.

Ni kwenye nyaya hizohizo anapojua kwamba HDMI, waya wa picha aliouzoea kwenye TV ya nyumbani, huanza kusumbua ukizidi mita 10 au 15, na kwamba kichwa chake hakina kufuli: mtu akiukwaa waya, umechomoka. SDI, waya wa picha wa mitambo ya kitaalamu, inajifunga kwa kuzungushwa, na waya mzuri unabeba picha safi hata umbali wa mita 100. Tuliwahi kuitwa katikati ya mkutano wa wanahisa ambao mwenye shughuli alikuwa amempa ndugu yake kazi ili kupunguza gharama. Kamera ilikuwa nzuri kuliko zetu. Tatizo lilikuwa HDMI ndefu iliyopitishwa chini ya zulia mlangoni, na kila aliyeingia kuchelewa aliizima picha kwa unyayo wake. Walilipa mara mbili, na dakika zilizopotea hazikurudi.

Hapo ndipo kazi hii inapotofautiana na kupiga picha au kuhariri video. Ukikosea kwenye uhariri unarudia. Tukio mubashara halirudiwi. Ndiyo maana anayetaka ajira hapa hapewi kitufe kwanza. Anafundishwa njia ambayo sauti na picha zinapita, kuanzia mdomo wa mzungumzaji mpaka simu ya mtazamaji, ili zikikatika ajue pa kwenda bila kubahatisha.

Kuna kijana mmoja aliyetuacha mapema. Alikuwa mwepesi, swicha aliielewa kwa kuitazama tu, na hakuona sababu ya kuendelea kuinama. Akakopa, akanunua kamera na swicha, akachukua kongamano lenye mzungumzaji aliyeko nchi nyingine. Mgeni alipoanza kuongea alijisikia mwenyewe akirudi masikioni baada ya kitambo, akasita, akaanza upya, akasita tena. Ukisikia sauti yako ikikurudia kwa kuchelewa, ni vigumu kumaliza sentensi, hata uwe msemaji hodari kiasi gani. Kijana akanipigia simu. Nikamwambia: mgeni arudishiwe sauti zote za ukumbini isipokuwa yake mwenyewe, itoe chaneli yake kwenye mkondo unaomrudia. Hakujua mkondo huo unatokea tundu gani, maana aliunganisha kila kitu bila kuchora ramani ya nyaya. Mgeni aliaga, mwenye kongamano akakataa kulipa, na mkopo bado anao. Namtaja kwa huruma, si kwa kumcheka. Kipaji alikuwa nacho na kinamtosha. Alichokosa ni miezi ile aliyoiita ya kupoteza muda.

Wengi wa rika lake waliingia kazini kupitia mlango wa 2020. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza janga la UVIKO-19 tarehe 11 Machi mwaka huo, kumbi zilifungwa na mikutano ikahamia Zoom. Mwenye laptopu na OBS, programu ya bure ya kurushia video, alipata kazi, na aliistahili. Kumbi zilipofunguliwa, wateja wakataka vyote viwili kwa pamoja: watu vitini na watu mtandaoni. Hiyo ni kazi ngumu kuliko kila moja peke yake. Ukumbini sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo spika za nyuma huchelewesha sauti makusudi ili zisiitangulie ile inayotoka jukwaani. Mtandaoni shida ni kinyume chake. Picha inachelewa ikipita kwenye mitambo, na sauti isipocheleweshwa inafika kabla ya mdomo kufunguka. Mapendekezo ya mwaka 1998 ya ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano, yanasema mtazamaji huanza kugundua sauti ikitangulia kwa takriban milisekunde 45, au ikichelewa kwa takriban 125. Hakuna kozi ya mwisho wa juma inayompa mtu sikio hilo. Tunamweka mwanagenzi na hedfoni, fundi sauti anasogeza ucheleweshaji kidogokidogo, naye anasema lini midomo imekaa sawa. Anakosea, anarudia, mpaka anaacha kukosea.

Kuhusu intaneti sitasema mengi. Picha ya 1080p inahitaji kama megabiti 6 kwa sekunde za kupandisha, sisi tunataka angalau mara mbili yake, na tunapima ukumbi ukiwa umejaa. Asubuhi ukumbi ukiwa mtupu kila kipimo kinapendeza. Wakiingia mamia ya watu na simu zao, Wi-Fi ya ukumbi inazidiwa. Tunatandika waya.

Nirudi kwa mzazi wetu, maana anauliza pia ada inakwenda wapi. Kubwa inakwenda kwa fundi mzoefu anayesimama kando ya mwanao siku ya tukio akimweleza kinachoendelea, huku mtu mwingine tukimlipa abebe sehemu ya kazi yake. Inakwenda kwa mitambo ya mazoezi, ambayo ni afadhali iharibike mikononi mwa wanagenzi kuliko mitambo ya kazi kuharibika mbele ya mteja. Wapo wanaotoza nusu yetu na kutoa cheti baada ya wiki mbili. Cheti hicho sijawahi kuona mteja akikiomba. Kwenye fani hii unaitwa kazini na mtu aliyewahi kukaa nawe gizani. Anakumbuka kama ulifika kabla ya saa ya kuunganisha mitambo, na kama kwenye hedseti ya mawasiliano ulisema linalohitajika ukanyamaza.

Tulikuwa tunarusha ibada ya mazishi, ndugu wengi wa marehemu wakifuatilia kutoka mbali, umeme ukakatika. Inkoda, kifaa kinachoandaa picha na sauti kwenda mtandaoni, na modemu zilikuwa kwenye betri ya akiba. Miksa ya sauti nayo ilipaswa kuwa huko, lakini wakati wa kuhamisha meza mtu wa ukumbi alikuwa ameichomeka ukutani. Mwanagenzi aliyekuwa karibu alijua kwa vidole waya upi ni wa miksa, kwa kuwa aliufunga mwenyewe utepe mizunguko miwili karibu na kichwa. Akauhamisha gizani. Miksa ikawaka, sauti ikarudi hewani, na padri akaendelea na sala. Familia haikujua kilichotokea. Sisi tulijua, na tangu siku ile kijana yule hakosi kwenye orodha yetu.

Si kila anayekuja atashika kamera, na hilo vijana huchelewa kulielewa. Binti aliyelalamikia nyaya kuliko wote leo ni msimamizi wa jukwaa, kwa sababu tuliona anakumbuka kila mtu anatakiwa awe wapi na dakika ngapi kabla. Mwingine anasimamia maandishi ya skrini. Mwingine anakaa na watazamaji wa mtandaoni, anachuja maswali yao, na kumkumbusha mshereheshaji kwamba wao wanaona yaliyopita sekunde kadhaa nyuma, asiwaulize jambo kisha akaendelea kabla hawajalisikia. Nafasi hizo zina uhaba wa watu kuliko kamera. Usipopita sakafuni huzijui.

Mzazi, nakukaribisha siku ya mazoezi ya tukio lijalo. Njoo ukae nyuma ya meza ya mitambo, tutakupa hedseti usikilize. Na kwa anayefikiria kujiunga na kundi lijalo, usinunue kamera kwanza. Nunua hedfoni nzuri zinazofunika masikio, tochi ndogo, na viatu vilivyofungwa visivyopiga kelele. Uje umevaa nyeusi. Tukishaona unakoelekea, tutakushauri kifaa cha kununua, na kama kipo cha kuazima tutakuazima.