Lukaya niliiruka

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako niliupata, nikauacha kwanza, maana swali lako si la kujibiwa kwa simu nikiwa nahudumia wateja. Umesikia habari za msiba wa Jenerali Musuguri, ukauliza kama babu yako alimjua.

Alimjua kama sisimizi anavyomjua tembo. Jenerali David Musuguri, mzaliwa wa Butiama, aliyetutoka Oktoba 29, 2024 akiwa na miaka 104, ndiye aliyeongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera. Babu yako alikuwa mgambo tu, mkulima wa pamba aliyeacha jembe baada ya Amin kuvamia mwishoni mwa Oktoba 1978. Alimwona mara moja, akipita kwenye Land Rover. Hata hivyo mpaka anakufa alimwita "mzee wangu". Kisa alichokipenda kuliko vyote ni cha enzi za KAR, jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni: Musuguri akiwa sajini, mkufunzi wa askari kule Kahawa, Kenya, na miongoni mwa aliowafundisha yumo Idi Amin. "Mwalimu kaenda kumfuata mwanafunzi mtukutu," angesema, kisha acheke mpaka akohoe.

Kisa cha Lukaya hakukisimulia kibarazani. Nilikisikia mara moja, mwaka niliotoroka shule ya bweni nikiwa kidato cha pili. Nilifika nyumbani usiku, nikisubiri fimbo. Akanipa kiti.

Ilikuwa Machi 10, 1979. Lukaya iko kwenye barabara ya kutoka Masaka kwenda Kampala, na hapo barabara inakatiza kinamasi. Brigedi yao, ya 201, ilijaa mgambo kama yeye. Jioni Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakaanza kufyatua makombora. Mengi yalipita juu ya vichwa vyao, yakaanguka mbali. "Hayakutupiga," babu yako aliniambia. "Sauti ndiyo iliyotupiga. Tukakimbia." Buti moja lilibaki kwenye matope. Alilala kwenye mafunjo, maji yakimfika kiunoni, akimsikia mtu karibu yake akilia, na hakuthubutu kumwita.

Musuguri akaamuru Brigedi ya 208 izunguke, imtokee adui kwa nyuma. Kesho yake Lukaya ikarudi mikononi mwa majeshi yetu, na babu yako akarudi kwa wenzake, mguu mmoja una buti, mwingine kafunga gunia. Hakuna aliyemuuliza kitu. Aprili 11 Kampala ikaanguka.

Asubuhi akanipakia kwenye baiskeli, akanirudisha shule. Njia nzima alizungumzia bei ya pamba.

Nishani yake ya Kagera unaikumbuka? Pengine hapana. Mwaka mzima ilikaa ndani ya kopo la majani ya chai, ikatoka Julai 25 tu, Siku ya Mashujaa, akaivaa kwenye koti lile la kahawia hata jua likiwaka. Jioni inarudi koponi. Bibi yako alitaka kuitundika ukutani sebuleni. Wazee hawa wawili waligombania jambo hilo miaka na miaka, na babu yako akashinda.

Siku ya mazishi ulikuwa na miaka minne, umelala mgongoni kwa shangazi yako. Wasifu wa marehemu niliusoma mimi, tena niliuandika mimi, kwa herufi kubwa ili nisikosee. Niliandika kwamba hakuwahi kumpa adui kisogo. Watu wakaguna kwa heshima, mchungaji akatikisa kichwa kukubali, na mimi, nikiri tu, nilijisikia vizuri.

Tulipotoka makaburini, mzee mmoja aliyekuwa mgambo pamoja naye akanishika mkono chini ya mwembe. "Umesoma vizuri, mwanangu," akasema. "Ila Lukaya umeiruka." Akaenda kunawa, chakula kilikuwa tayari. Naye sasa hayupo.

Karatasi ile ninayo bado, imekunjwa ndani ya kopo la chai pamoja na nishani, ambayo utepe wake nondo wameuonja. Ukija Krismasi tuuandike upya wasifu huo. Wewe ndiye mwenye mwandiko mzuri.

Mama yako anakusalimu, anauliza kama sweta limekufikia.

Baba yako