Kopo moja la mkojo halimtoshi mgonjwa wa kichocho

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kushika kalamu, lakini taarifa yenu kuhusu mkojo wa damu imenifanya nishindwe kunyamaza. Mwandishi wenu anasema mtu akikojoa damu, na kijiti cha kupimia mkojo kikaonyesha chembe nyeupe za damu, basi ana UTI, yaani maambukizi ya bakteria kwenye njia ya mkojo: ameze antibiotiki siku saba, yamekwisha. Kwa watu wanaovua, kufua na kuoga kwenye maji yenye konokono wa kichocho, ushauri huo unaharibu figo.

Mayai ya mnyoo wa kichocho cha mkojo yana mwiba nchani, na mengi hunasa kwenye ukuta wa kibofu. Hapo damu huvuja na chembe nyeupe hujazana kuyazunguka, hata pasipo na bakteria. Yaani mnyoo peke yake anatosha kubadilisha rangi ya sehemu mbili za kijiti, ya damu na ya chembe nyeupe. Sehemu ya nitraiti, kemikali inayotengenezwa na bakteria kwenye mkojo, ndiyo inayoelekeza kwa bakteria, nayo inataka mkojo uliokaa kibofuni kwa muda wa saa nne hivi, tena wapo bakteria wasiotoa nitraiti kabisa.

Kosa la upande wa pili ni baya vilevile: kumpa mgonjwa prazikwanteli, dawa ya minyoo wa kichocho, na kusahau bakteria. Mayai yakikaa miaka, ukuta wa kibofu unakuwa na makovu, unakakamaa, wakati mwingine unajaa chokaa. Kibofu hakijikamui hadi mwisho, mkojo unabaki, na mkojo uliobaki ndimo bakteria kama E. coli na Klebsiella wanamozaliana. Mirija inayotoka kwenye figo nayo husinyaa, figo zikavimba kwa mkojo uliorudi nyuma. Prazikwanteli inaua minyoo waliokomaa. Kovu la zamani haliondoi. Ndiyo maana mtu anayepata UTI mara kwa mara anahitaji altrasaundi ya kibofu na figo kabla ya kubadilishiwa antibiotiki nyingine.

Na kuna Salmonela, ambayo taarifa yenu haikuigusa kabisa! Bakteria huyu hujishikiza kwenye ngozi ya mnyoo aliye hai ndani ya mishipa ya damu, na hapo antibiotiki haimmalizi. Kijana mmoja mvuvi alirudi na homa ileile kila alipomaliza dozi. Cheti kikaandikwa “usugu wa dawa”, akaongezewa dawa kali zaidi, na muda wote huo hakuna aliyeuweka mkojo wake chini ya darubini kutafuta mayai. Bakteria hakuwa sugu, alikuwa na maficho. Alipotibiwa minyoo pamoja na bakteria, homa ilikoma. Inauma kuona mtu anamezeshwa dawa za gharama zisizomfaa wakati dozi ya minyoo ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 ni vidonge vinne vya miligramu 600, baada ya kula, basi.

Wanawake wanaumia zaidi. Mayai hayohayo hukaa kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta vidonda, uchafu na damu baada ya tendo la ndoa. Anaambiwa ana ugonjwa wa zinaa, anatakiwa amlete mume, na nyumbani unaanza ugomvi ambao hakuna dawa ya kuutibu.

Ninachoomba ni makopo mawili kwa kila anayekojoa damu na amewahi kuingia kwenye maji hayo. Kopo la kwanza liwe safi lisilo na vijidudu, la mkojo wa asubuhi, na lichukue mkojo wa katikati, si wa mwanzo wala wa mwisho. Huo ni wa kuotesha bakteria: ufike maabara ndani ya saa mbili, la sivyo ukae kwenye jokofu. Kopo la pili lijazwe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mayai yanapotoka kwa wingi, baada ya mgonjwa kutembea kwa kasi au kuruka kidogo. Hapa matone ya mwisho ndiyo yenye thamani, yaleyale yanayomwagwa chooni mtu anapoambiwa alete mkojo wa katikati tu. Lisisuzwe kwa maji, kwa sababu mayai yakikutana na maji ya kawaida huanguliwa. Mililita 10 zichujwe, kichujio kitazamwe kwa darubini. Mayai yakikosekana siku ya kwanza, apimwe tena siku nyingine, maana hayatoki sawa kila siku.

Na aliyemeza prazikwanteli aitwe tena baada ya wiki sita kupimwa mayai, kwa sababu dawa hiyo haiwaui minyoo wachanga, na hao huenda wakawa wamekomaa na kuanza kutaga.

Msomaji wenu wa siku nyingi