Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa UNICEF: mtoto asihamishwe vitani bila mama yake

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,

Nakuandikia kwa heshima, nikiwa na ombi. Vita vinapozuka, wa kwanza kutajwa ni watoto: waondolewe haraka, wapelekwe mbali na mabomu. Hilo silipingi. Ninachopinga ni kumwondoa mtoto na kumwacha mama nyuma, kisha kuhesabu kwamba kazi imekwisha.

Tarehe 1 Septemba 1939, Vita vya Pili vya Dunia vikianza, Uingereza ilianza kuhamisha watu kutoka mijini. Kwa siku chache tu takriban milioni 1.5 walikuwa wameondoka, wengi wao wanafunzi waliosafiri na walimu wao. Mtoto alifungiwa kadi ya jina kwenye koti, kisanduku cha barakoa ya gesi kikining'inia begani. Vijijini, mahali pengi, watoto walikusanywa ukumbini na wenyeji wakapita wakichagua. Mkulima alitafuta mvulana mwenye nguvu; mwingine alitaka msichana nadhifu. Waliosalia, mara nyingi ndugu waliokataa kutenganishwa, walizungushwa mlango kwa mlango mpaka apatikane wa kuwapokea. Mheshimiwa, mtoto wa miaka sita anayeona wenzake wote wakichukuliwa ameshaumia kabla bomu lolote halijaanguka.

Wengi walianza kukojoa kitandani, wakaambiwa hawakulelewa vizuri. Desemba mwaka huohuo madaktari John Bowlby, Emanuel Miller na Donald Winnicott waliandika katika jarida la British Medical Journal wakionya juu ya kuwatenga watoto wadogo na mama zao. Wazazi nao walishindwa kuvumilia: kufikia Januari 1940 karibu nusu ya waliohamishwa walikuwa wamerudi. Mabomu yalipoanza kuipiga London usiku baada ya usiku, Septemba 1940, watoto wengi walikuwa mjini. Mpango uliotenganisha familia ulishindwa hata kwa lengo lake wenyewe.

Haki isemwe, wapo waliopata walezi wema wakapendana nao maisha yote, na Waingereza wengi walijionea kwa mara ya kwanza umaskini wa watoto wa mijini.

Katika vita hivyohivyo, Ufini nayo ilipeleka nje watoto wapatao 70,000, wengi wao Uswidi. Wadogo walisahau Kifini. Waliporudi, mama na mwana hawakuelewana. Maelfu hawakurudi kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mabinti wa wanawake waliohamishwa utotoni walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kulazwa kwa maradhi ya akili kuliko binamu zao, ambao mama zao walibaki nyumbani. Hao ni watoto waliozaliwa baada ya vita!

Sheria ipo. Ibara ya 78 ya Itifaki ya Kwanza ya Ziada ya 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva kuhusu sheria za vita, inadai idhini ya maandishi ya wazazi au walezi, pamoja na kadi yenye picha na taarifa za kila mtoto anayepelekwa nchi ya kigeni, ili aweze kurudi kwao. Lakini idhini inayotolewa mabomu yakilia ni idhini gani?

Naomba ofisi yako isikubali mpango wowote wa kuhamisha watoto usio na nafasi ya mama au mlezi, isipokuwa pale ambapo hakuna njia nyingine kabisa. Ndugu wasitenganishwe. Na bajeti ya kuwarudisha nyumbani iwekwe mezani siku ileile inapowekwa ya kuwaondoa.

Wako katika kuwajali watoto,
Mzazi