Barua kwa Mwanangu: Babu Atalala Chumbani Mwako

Neema mwanangu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Barua hii anakuletea mama mdogo Jumamosi kwa sababu mimi niko zamu dukani. Mwisho wa mwezi tunahesabu dawa zote, na mwenye duka hampi mtu ruhusa. Usinikasirikie. Nimekutumia sabuni ya kipande, mafuta, pedi pakiti tatu na chapati. Kula na wenzako, usifiche chini ya kitanda kama muhula uliopita.

Kilichonifanya nishike kalamu ni yale uliyosema Jumapili kwa simu ya matroni. Ilikatika kabla sijajibu, na labda ni heri, maana ningejibu kwa ukali. Ulisema mwalimu wenu wa Kiingereza amewapa kazi ya likizo: kila mmoja amtafute mzee aliyeishi miaka ya chama kimoja, amhoji, kisha alinganishe maneno yake na riwaya mnayosoma, Nineteen Eighty-Four, ile ya nchi ambako serikali inampeleleza kila mtu. Ukasema una bahati kwa kuwa babu atakuwa kwetu Agosti yote. Halafu ukasema, na nilisikia furaha sautini mwako, "Nitamwuliza kama kweli alitaja watu."

Usimwulize, Neema.

Najua umeyasikia wapi. Uliyasikia mwaka jana matangani, watu wazima walipodhani watoto mmelala. Sikukuuliza ulisikia nini, nikafikiri utasahau. Hukusahau, na sasa umepata kitabu kinachokupa maneno ya kuuliza.

Insha yako juu ya kitabu hicho uliyoileta Aprili ninayo. Alama 18 kwa 20! Niliikunja nikaiweka kwenye mkoba na mpaka leo iko humo, nimeionyesha hata mfamasia wetu. Kiingereza chako kimenyooka kuliko changu nilipomaliza shule. Lakini nimeisoma mara nyingi na kila nikifika aya ya mwisho moyo unashtuka. Umeandika kwamba Winston, mhusika mkuu, ni mwoga na msaliti, kwamba mtu mwenye msimamo angekufa kabla ya kumtaja mpenzi wake Julia. Basi nikaona nisome mwenyewe. Nilinunua nakala ya mtumba kwa wauza vitabu wa barabara ya Tom Mboya, jalada limetoka, nikawa naisoma dukani mchana wateja wakipungua. Kiingereza chake hakikunishinda. Kurasa za mwisho ndizo nilizofunga na kufungua, nikafunga tena.

Sasa nikuulize wewe uliyepata 18. Umeona alifanyiwa nini kabla ya Chumba 101, kile cha mateso ya mwisho? Walimpiga mpaka akaanguka sakafuni. Walimnyima chakula. Walimhoji kwa zamu, wengine wakipumzika wengine wakiingia, yeye hana pa kupumzika. Wakamlaza kwenye kitanda cha mashine ya maumivu mpaka akashindwa kuhesabu vidole vinne. Alikiri mambo ambayo hakuyafanya kabisa. Na baada ya yote hayo alimwambia O'Brien, mtesaji wake, kwamba yeye hajamsaliti Julia, na O'Brien mwenyewe akakubali. Ndipo wakaleta kizimba cha panya na kukisogeza usoni pake, kwa sababu walijua panya ndio anaowaogopa kuliko kitu chochote duniani. Haya yote wewe umeyafupisha kwa sentensi moja, "baada ya kuteswa kidogo". Kidogo! Neno hilo limenikera, na ninashangaa mwalimu hakulipigia mstari.

Mwandishi mwenyewe hakumwita mwoga. George Orwell alikuwa polisi huko Burma akiwa kijana, miaka mitano, upande wa wenye rungu, kwa hiyo chumba cha mahojiano hakikuwa hadithi ya kusimuliwa kwake. Kitabu alikimalizia kisiwani Jura, Scotland, akiwa na kifua kikuu. Hili nililitafuta kwa sababu ya kazi yangu: mwaka 1948 alipewa streptomycin, wakati huo dawa mpya iliyotoka Marekani, ikamdhuru ngozi na koo mpaka ikabidi aache. Siku hizi mgonjwa wa TB anapewa vidonge bure, na wengi wanapona. Yeye alitoa kitabu Juni 1949, na Januari 1950 akafa, miaka 46 tu. Mtu aandikaye huku anakufa hana muda wa kutunga mwoga ili wanafunzi wamcheke.

Kuna mahali wewe hukupataja kabisa, na mimi ndipo nilipolia mbele ya mteja aliyekuja kununua dawa ya minyoo. Winston anakumbuka utotoni, njaa, mama yao ana watoto wawili na kipande cha chokoleti cha mgao. Mama anaugawa, mkubwa anapewa sehemu kubwa, na bado anampokonya dadake mgonjwa kipande chake na kukimbia. Akigeuka mlangoni anaona mama amemzungushia mtoto mkono na kumkumbatia. Mkono huo hauwezi kurudisha chokoleti. Hauzuii kitu. Lakini aliuzungusha. Soma tena ukurasa ule, kisha uniambie kama huyo mwandishi anataka tuhesabu nani alishinda na nani alishindwa.

Na usidhani sitaki uandike kuhusu miaka ile. Andika, tena andika vizuri, maana wenzako wanafikiri mambo ya kitabu ni ya London peke yake. Mwaka 1982 katiba ya Kenya ilibadilishwa ikawa chama ni kimoja tu, KANU, na ikakaa hivyo mpaka Desemba 1991. Mwaka 1988 watu walipiga kura ya mchujo kwa mlolongo, wakisimama nyuma ya wagombea au picha zao, kila jirani akiona jirani yake amesimama wapi. Mwaka 1986 msako wa Mwakenya, kundi la siri lililoipinga serikali, ulianza, wahadhiri, wanafunzi, walimu na wakulima wakachukuliwa, wengi wakapelekwa mahakamani jioni saa za kazi zimekwisha, hawana wakili, wakakiri na kufungwa. Ile Nyayo House, jengo la serikali hapo Nairobi tulikopanga foleni kwa ajili ya pasipoti ya mama mdogo, vyumba vya kutesea watu vilikuwa humo humo chini, na vikafunguliwa watu wavione mwaka 2003. Foleni ilikuwa ndefu na wewe ulitaka soda.

Mwambie mwalimu habari ya Matigari pia. Ngũgĩ wa Thiong'o, yule aliyefariki Mei 2025, aliitoa riwaya hiyo kwa Kikuyu mwaka 1986. Wapelelezi wakasikia wanakijiji wanamzungumzia mtu anayezunguka akiuliza maswali ya ukweli na haki, ikatoka amri akamatwe. Polisi walipogundua kwamba Matigari ni mtu wa kitabuni, wakakikamata kitabu chenyewe madukani Februari 1987. Ukiweka hiyo kwenye kazi yako, darasa zima litanyamaza likusikilize. Huhitaji kumtoa babu damu.

Sisi watoto hatukujua tunaishi ndani ya kitu chochote. Tulikuwa na maziwa ya Nyayo, pakiti za pembe tatu, unang'ata ncha unafyonza, yakiwa baridi ni matamu ajabu. Picha ya rais ilikuwa kila duka, habari za redio zilianza na rais, tukiimba nyimbo za kumsifu na mimi nilikuwa na sauti nzuri, niliwekwa mstari wa mbele. Niliimba pia wiki zile babu hayupo nyumbani. Nyanya alituambia amekwenda semina ya walimu.

Alikaa semina hiyo wiki saba. Aliporudi viatu havikumwingia. Nyanya alikuwa anachemsha maji yenye chumvi, anaweka karai chini ya meza, na babu anakaa na miguu ndani ya karai akisahihisha madaftari ya wanafunzi ambao si wake tena, maana kazi ilikuwa imekwisha. Hakuwahi kusema alipelekwa wapi. Wengine miaka ya karibuni wameenda mahakamani wakalipwa fidia. Yeye hakuandika hata karatasi. Baada ya yeye kurudi, walimu wenzake wawili walichukuliwa, na hapo ndipo maneno yalianza. Familia moja ilihama. Nyingine ikabaki jirani yetu, mlango kwa mlango, na kwa miaka mingi hakuna aliyetusalimu kisimani. Mimi nilipoingia chuo nilipata sababu nyingi za kutokwenda nyumbani likizo.

Kama aliwataja, sijui. Kama hakuwataja, sijui pia. Ninachokuomba ni usiwe wewe wa kumkalisha kitini na kumshikia kalamu. Alishawahi kukaa mbele ya watu wanaoandika anachosema.

Unamkumbuka Parsons, yule jirani wa Winston? Analetwa seli alimo Winston, na Winston akimwuliza nani amemshtaki anasema ni binti yake mdogo, wa miaka saba, aliyesikiliza tundu la kitasa baba akisema usingizini. Na anasema anajivunia mtoto. Wewe umeandika kwamba hapo Orwell amezidisha chumvi, hakuna mtoto wa namna hiyo. Mimi ule mwaka wa semina nilikuwa na miaka minane. Mtoto hujibu anachoulizwa. Mwalimu mkuu akikuita ofisini, akakupa biskuti, akakuuliza baba anapenda kusoma vitabu gani usiku na akina nani humtembelea, unajibu, tena kwa heshima, umesimama wima. Hajazidisha kitu. Futa hiyo sentensi.

Haya, mambo ya nyumbani. Babu anakuja tarehe mbili, atafanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, jicho la kulia kwanza. Atalala chumbani mwako kwa sababu hawezi kupanda kitanda cha juu cha Baraka, na wewe utalala nami. Nimeondoa mabango yako ukutani nikayakunja, hayajachanika. Daftari lako la siri sikulifungua, nimelitia kwenye sanduku la nguo za baridi na ufunguo ninao. Maji bado ni Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo tutajaza mitungi yote na ndoo ya babu iwe yake peke yake. Tokeni za stima zinakwisha haraka tangu Baraka agundue hita ya maji. Mlango wa jikoni unagoma, fundi ameahidi na hajaja.

Ukitaka kumhoji babu, mhoji juu ya mlolongo. Anapenda kusimulia jinsi mstari mrefu ulivyotangazwa mfupi, anasimama kabisa kukuonyesha. Mwulize alivyoficha vitabu kwenye gunia la maharagwe. Mwulize alifundisha nini darasani inspekta alipokuwa ameketi nyuma. Alikuwa mwalimu hodari sana, waliofundishwa naye bado wananisimamisha barabarani. Hayo yatajaza kurasa zako. Jina lake usiliandike, wala la kijiji, andika "mzee mmoja". Usinijibu kwamba nyakati zimebadilika. Zimebadilika, ndiyo, na juzi tu vijana wa rika la binamu yako wametafutwa na mama zao kwenye vituo vya polisi kwa sababu ya walichoandika kwenye simu. Mimi sikuambii unyamaze. Nakuambia jina la babu si lako la kutoa.

Na akianza mwenyewe, usiku labda, maana wazee husema taa zikizimwa, funga daftari umsikilize. Usimwambie "endelea". Usimwulize "halafu?" Akisema jina la mtu, lipokee, na usilete kwangu asubuhi kama habari. Akilia, mpe kitambaa safi, kile cha pamba, jicho la upasuaji lisiguswe na mkono.

Kwenye insha sikuambii uandike Winston ni shujaa. Hata mimi ule mwisho, anavyokaa mkahawani na kumpenda Kaka Mkubwa, mtawala wao, sijui niuweke wapi. Lakini Julia anapokutana naye bustanini, wanasemezana kwamba walisalitiana, na hakuna anayemtukana mwenzake. Hao ndio waliokuwa ndani. Wewe na mimi hatukuwa. Andika upya aya ya mwisho hata kama 18 itashuka ikawa 14, nitaiweka mkobani vilevile.

Nauli ya kurudi amepewa mama mdogo, atamkabidhi mwalimu wa darasa. Usiiombe kabla ya siku ya kufunga shule, nimeshamwonya. Njoo na sweta ya pili, ile iliyotoboka kiwiko, niishone. Matone ya babu ni kila baada ya saa nne, chupa ya kifuniko cheupe kwanza, unangoja dakika tano, kisha ya kifuniko cha waridi. Mchana atatiwa na Baraka nikimsimamia kwa simu. Ya saa nne usiku ni yako, mimi nitakuwa zamu.

Mama yako.